Kinyozi wa Majani

Kuuza si kazi. Kazi ni kuuza halafu ukaachia. Muulize Kinyozi, kama utabahatika kumkuta ameshuka ngazini.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshafunikwa na majani siku nyingi. Watu walimwita Kinyozi kwa sababu alinyoa bustani zao: nyasi za mbele, michongoma ya pembeni, na ule msitu wa nyuma ambao kila mwenye nyumba huapa kwamba ataushughulikia mwenyewe. Alianza na fyekeo tu na miguu yake, akaishia na gari dogo la mizigo, mashine za kukatia nyasi, na wateja mtaa mzima wa juu. Ubavuni mwa gari aliandikisha KINYOZI WA MAJANI, na mchoraji, mtu wa mzaha, akamchora na yeye mwenyewe hapo, ameshika mkasi mkubwa, masikio yamezidi kidogo. Kinyozi hakuyapenda masikio yale hata siku moja. Wateja waliyapenda, akanyamaza.

Ikafika siku goti la kulia likakataa. Lilikuwa linatabiri mvua kuliko redio, na kila akipanda ngazi lilimtukana. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache, na akiyasema yamepigwa pasi. Akamwambia, "Uza. Binti yetu ametujengea vyumba viwili ubavuni mwa nyumba yake, vina baraza. Twende tukakae pale tuonane sura. Mimi na wewe tangu tuoane hatujaonana mchana."

Kinyozi akacheka, lakini neno lilimwingia, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa anaondoka nyumbani umande haujakauka na kurudi ananuka petroli. Akampenda sana mkewe siku ile, akasema atauza.

Mnunuzi akapatikana. Alikuwa mtu wa makamo aliyevaa tai hata siku ya kwenda kuagiza samadi, basi watu hawakuhangaika kumtafutia jina, wakamwita Bwana Tai. Alikuwa na adabu kupita kiasi. Kila sentensi yake ilianza na "mzee wangu". Alitaka gari, mashine, stoo, wateja na lile jina. Hakubishana bei. Aliomba jambo moja tu, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

"Mzee wangu, ukae na mimi kidogo. Mpaka wateja wazoee."

"Hilo tu?" akasema Kinyozi. Wakapeana mikono.

Sasa wewe unayesikiliza, na mimi ninayesimulia, tungeuliza: mteja akizoea anajulikanaje? Hupiga mbiu? Hutoka upele? Kinyozi hakuuliza. Jioni alipomweleza mkewe, mama yule aliweka pasi chini.

"Kidogo ni lini?"

"Kidogo ni kidogo, mama watoto."

"Haya. Mimi natangulia. Mvua za kwanza zikianguka wewe hujafika, usije tena. Sikutishi, nakuarifu tu." Kisha akalainika kidogo, akamrekebishia kola ya shati. "Nakujua wewe. Kinyozi hajinyoi."

Akaondoka na cherehani, kitanda na vyungu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga, ikarudishwa kwa mwenyewe. Kinyozi akahamia stoo, kwa muda, si alisema kidogo? Akatandika kitanda cha kukunja kati ya mashine na magunia ya mbolea, akatundika shati lake la kanisani kwenye mpini wa reki. Kila jioni msimamizi wa Bwana Tai alikuja kufunga geti la uwanja, kwa usalama wa vifaa. Alikuwa anamuaga Kinyozi kwa heshima zote, "Usiku mwema, mzee," halafu anasikika akikaza kufuli upande wa nje. Kufuli lenyewe Kinyozi ndiye aliyelinunua, enzi zake, tena alichagua lile zuri.

Kazi ya kuwazoeza wateja ikaanza. Walikwenda nyumba kwa nyumba, Bwana Tai na tai yake mbele, Kinyozi nyuma. Kila geti lilikuwa na salamu yake ya miaka nenda miaka rudi. Mwenye nyumba huchungulia, huita, "Kinyozi, upo?" Naye hujibu, "Nipo, mama, nipo." Au baba, kutegemea. Siku hizo alitakiwa aongeze maneno machache tu: huyu ndiye mwenye kazi sasa, mimi naondoka. Maneno hayo aliyafanyia mazoezi stoo, akaiambia toroli, akayaambia magunia. Akifika getini, akaona jinsi uso wa mtu unavyofurahi kumwona, yanamkwama.

"Na huyu?" watu wakauliza.

"Huyu mwenzangu," akajibu.

Mwenzangu! Bwana Tai akatabasamu, akatoa mkono. Hakuna mteja aliyeambiwa lolote la kuzoea, basi hakuna aliyezoea.

Yangeweza kuishia hapo, mtu akajikaza siku moja akasema. Lakini lilikuwepo jambo la pili, na hilo ndilo lililomfunga hasa. Kinyozi alikuwa na mtindo wake wa kukata ua wa michongoma. Alikuwa akisema ua lazima uvae gauni, usivae suruali. Maana yake, chini uwe mpana, juu mwembamba, ili jua lifike mpaka kwenye majani ya chini. Ukiukata juu mpana, chini pananyimwa jua, panapukutika, na baada ya muda mbuzi wa jirani anapita bila hodi. Vijana wa Bwana Tai walikuja na mashine ya kisasa inayonguruma, wamevaa fulana zenye ile picha ya Kinyozi kifuani, masikio na yote. Wakakata upesi, wakakata moja kwa moja, na kila walipopita waliacha suruali.

Mara ya kwanza alipoona, Kinyozi alihisi kama mtu aliyemkuta mtoto wake barabarani bila nguo. Alisubiri vijana waondoke. Alasiri akarudi peke yake na mkasi wa mkono, akarekebisha kidogo upande wa barabarani. Kidogo tu! Kesho yake nyumba nyingine. Ikawa ndiyo kazi yake: asubuhi anawatazama wakiharibu, alasiri anazunguka na mkasi chini ya koti kama mwizi, anatengeneza, anawahi geti kabla msimamizi hajafunga. Goti likawa linalia kama bawaba. Na wateja wakamsifu Bwana Tai. "Kazi ya Kinyozi haijabadilika hata chembe," wakasema. "Hongera."

Kila siku mbaya aliyoificha ilimwongezea siku nyingine. Alijua. Hakuwa mjinga yule mzee. Usimwonee.

Jumapili mkewe alipiga simu.

"Huko kumenyesha?"

"Bado."

"Huku mawingu yameanza. Tuna viti viwili barazani. Paka wa binti yako amekalia kiti chako. Simfukuzi, maana kiti kisicho na mtu ni cha paka."

"Mfukuze, mama. Nakuja."

"Njoo umfukuze mwenyewe."

Baada ya simu ile alikwenda ofisini kwa Bwana Tai. Ofisi ilikuwa kile chumba chake cha zamani cha kuhifadhia mbegu, kimepakwa rangi na kuwekewa kiti kinachozunguka. Bwana Tai akasimama kumpokea, akamvutia kiti, akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Kijana wangu," Kinyozi akaanza, "nimekuja kuaga. Wateja wameshazoea."

"Wamezoea nini, mzee wangu? Wamekuzoea wewe."

"Kazi inafanywa na vijana wako. Hakuna aliyelalamika."

Bwana Tai akaweka birika chini taratibu. Alimtazama kwa huruma kabisa, na hiyo huruma ndiyo iliyouma. "Mzee wangu, kwani unadhani sikuoni alasiri? Nakupita na gari kila siku, uko ngazini. Nilifurahi sana siku ya kwanza. Nikasema, mashine nimenunua, hata jina nimenunua, lakini hili nimepewa bure."

Kinyozi akainua kikombe. Chai ilikuwa na sukari nyingi, jinsi anavyoipenda. Hata hilo Bwana Tai alikuwa ameshalijua.

"Na mimi nikitaka kuondoka?"

"Mlango huo hapo, uko wazi. Nani amekushika?"

Akageuka akautazama. Kweli ulikuwa wazi. Nje gari lilikuwa limeegeshwa, na ubavuni mwake yeye mwenyewe amesimama na mkasi, anacheka. Hasira ilimpanda, na hakujua aitue kwa nani. Alitamani mtu amshike kweli, amfunge kamba, amfungie mlango, ili apate wa kumgombeza. Akamaliza chai, akashukuru, akatoka.

Lakini asubuhi iliyofuata alijaribu, lazima tumpe haki yake. Alitia nguo mfukoni, akavaa shati la kanisani, akaenda kituo cha mabasi. Kosa lake lilikuwa njia. Njia za kwenda kituoni ziko nyingi, yeye miguu ikampeleka kwa mazoea kupitia nyumba ya Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mama mstaafu aliyewahi kuongoza shule, na mpaka sasa anaongoza chochote kinachopita mbele ya baraza yake. Ua wake ndio wa kwanza Kinyozi kuukata maishani, ua mrefu unaokunja kona, na watu walikuwa wakisimama kuutazama. Vijana walikuwa wamepita jana yake. Kona yote ilikuwa suruali. Chini vijiti vimeanza kuonekana, vikavu, kama miguu ya mgonjwa.

"Dakika moja," Kinyozi akajiambia. Akaweka mfuko chini. Mkasi alikuwa nao, wa nini? Alikuwa anasafiri. Lakini alikuwa nao.

Alipomaliza kona, basi lilikuwa limeshaondoka zamani. Akarudi stoo, akatundika shati kwenye reki. Mkewe alipopiga, alimwambia, "Basi lilijaa."

"Lilijaa?"

"Lilijaa, mama."

"Haya."

Alikuwa hajawahi kumdanganya. Watu wengine wangeona ni uongo mdogo, wa basi tu. Yeye alikaa juu ya gunia la mbolea akajiona takataka.

Mvua ilikuja alfajiri moja bila ngurumo. Goti lilikuwa limeijua tangu jana yake, na yeye akajifanya halijasema. Ilipiga bati la stoo muda mrefu. Ilikuwa Jumapili, na simu haikulia mchana kutwa. Usiku akapiga yeye, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akampigia binti, binti akasema, "Mama yupo, baba, hana neno la kusema." Kinyozi akaogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa. Alitaka kuondoka saa ileile, lakini geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na yeye mwenyewe alijua kwamba kufuli limempa kisingizio na kwamba amekishukuru kisingizio hicho. Hilo lilimtia uchungu kuliko simu.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Mwalimu. Angefanya nini tena? Mvua ikinyesha mchongoma huamka, na akili yake ilikuwa imegota, mikono tu ndiyo iliyojua pa kwenda. Akasimamisha ngazi kwenye udongo laini, akapanda, goti likamtukana, akaanza kukata. Mwalimu alikuwa barazani na kikombe chake, anatoa maelekezo.

"Kushoto kidogo, Kinyozi."

"Ndiyo, Mwalimu."

Alikuwa amefika nusu. Upande wa kulia umeshavaa gauni safi, wa kushoto bado nywele timutimu. Nyuma yake, barabarani, mtu akaita.

"Kinyozi, upo?"

"Nipo, mama, nipo," akajibu, bila kugeuka. Mkasi ukaendelea: cha, cha, cha.

Alingoja neno linalofuata, maana baada ya "nipo" huja ombi, njoo kwangu kesho, mwembe umeangusha tawi. Halikuja. Na nyayo pia hazikusikika kuondoka. Ndipo akageuza shingo.

Mkewe alikuwa amesimama pale na mwavuli uliokunjwa na mkoba mdogo. Viatu vyake vilikuwa na tope la vituo viwili, na kope zilikuwa nzito kwa kukosa usingizi. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa ukutani.

"Mama watoto!"

"Hujaijua hata sauti yangu," akasema. Hakupaza sauti. "Nimekuita, umenijibu kama mteja."

"Sikujua ni wewe, nilidhani..."

"Ndiyo hilo ninalosema." Akavuta pumzi. "Nilisema usije tena mvua zikianguka, na zimeanguka. Lakini nikawaza, labda wamemfunga. Labda kuna mtu kamkatalia kuondoka, mzee wa watu anaona haya kuniambia. Nikapanda basi nije nimwone huyo mtu nimpe vyake. Nimepita stoo, nimemwona huyo wa tai, amenikaribisha chai, akanielekeza huku. Hakuna aliyekufunga."

"Hakuna," Kinyozi akasema.

"Haya. Nilitaka kuona kwa macho yangu." Akafungua mwavuli, ingawa mvua ilikuwa bado, akageuka akaanza kwenda.

Na mkono, mwanaharamu ule, ukakata tena. Cha. Kajani kamoja kalikochomoza, mbele ya uso wake, kakaanguka. Mkewe anaondoka, na mkono wake umekata jani. Kinyozi aliutazama ule mkono kama nyoka aliyemkuta kitandani. Akaelewa kwamba akikata na lile la pili, basi atakata mpaka kona, na jioni atafungiwa, na kesho atajibu nipo, na siku moja watamzika na fulana yenye masikio yake.

Akauchomeka mkasi katikati ya ua, ukazama mpaka mpini, akauacha humo. Akashuka. Kushuka ngazi na goti lile si jambo la sinema, alishuka kitako, akikamata kila kipandio, akilaani.

"Kinyozi!" Mwalimu akasimama barazani. "Na upande huu je?"

Neno lilimjia mdomoni lenyewe, limezoea njia. Akalimeza.

"Mwalimu, mimi sipo."

"Hupo vipi, na ninakuona?"

"Unaniona naondoka. Ua umeshauzwa, mwenyewe ni yule wa tai. Mwambie aje amalize, na mwambie awe gauni." Akaona aibu, lakini alikuwa amesema.

Mwalimu alitaka kusahihisha kitu, akakosa pa kuanzia. Kinyozi akaondoka, akachechemea barabarani. Mkewe alikuwa amefika kwenye kona. Hakusimama, lakini hatua zake zilikuwa zimepungua urefu, labda kwa uchovu. Kinyozi akamfikia. Wakaenda pamoja, kupita nyua alizozikata maisha yake yote, nyingine gauni, nyingine suruali, na yeye akatazama viatu vyake.

"Nguo zako?" mkewe akauliza.

"Ziko stoo."

"Zibaki."

Wakaenda.

"Ua wa yule mama umeuacha nusu," akasema tena. Alikuwa ameona, yule hapitwi na kitu.

"Nimeuacha."

"Utaweza kulala?"

Kinyozi alifikiri. Uongo wa basi ulikuwa ungali unamchoma.

"Sitaweza," akasema.

Mkewe akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Mvua ilikuwa imeanza tena, matone makubwa ya mwanzo. Akampa mwavuli aushike, naye akaushika kwa mkono uleule, akauinua juu ya kichwa cha mkewe, na vidole vikawa vinafumba na kufumbua mpini njia nzima mpaka kituoni.